Ukoko wa Saint Helena

Siku ya kumi na sita tangu tung'oe nanga Cape Town, Februari 2014, ndipo tulipokiona kisiwa. Nasema kisiwa, lakini kwa mbali kilikuwa genge jeusi lililosimama katikati ya Atlantiki, halina mnazi wala ufukwe. Mimi mtoto wa Nungwi, kwangu kisiwa ni mchanga mweupe. Nikamuuliza nahodha, "Watu wanaishi wapi hapa?" Akanionyesha ufa mwembamba kati ya milima miwili. Huo ndio mji, Jamestown.

Tulikuwa mabaharia wanne, tumekodiwa kupeleka boti ya matanga ya tajiri mmoja Brazili. Njia karibu nzima upepo ulikuwa mgongoni. Sisi kusi ina miezi yake, ikimaliza inaipisha kaskazi. Kule upepo wa kusini-mashariki unavuma mwaka mzima, kusi isiyo na mwenzake. Upepo huo na maji baridi ya mkondo wa Benguela ndivyo vinavyokinyima kisiwa joto la tropiki.

Gati la kufunga meli halikuwapo. Mashua inakusogeza kwenye ngazi za mawe, juu yake zinaning'inia kamba. Wimbi likiinua mashua unadaka kamba na kuruka. Mimi na ubaharia wangu nikajifanya mjuzi, nikachelewa kidogo tu. Mguu ukafika kwenye ngazi, kandambili ikabaki baharini. Nikaingia koloni la Malkia na kiatu kimoja.

Mama mmoja mwenye teksi alikuwa amesimama pale juu, akacheka hadi akashika kiuno. Kisha akafungua buti la gari, akatoa raba za mwanawe. "Vaa. Umekuja kumwona Napoleon?"

Kila mgeni huulizwa hivyo. Mfalme yule wa Wafaransa aliletwa mateka 1815, akafia huko Longwood 1821, na maiti yake ilirudishwa Ufaransa 1840. Watu bado wanapanda teksi kwenda kutazama kaburi tupu! Nikamwambia hapana, mimi nina sultani wangu. Babu alikuwa akitusimulia kuhusu Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekaa kwenye kiti Unguja siku mbili tu mwaka 1896, Waingereza wakalipiga mizinga jumba lake, na vita haikutimia hata saa nzima. Alikimbilia kwa Wajerumani, akakaa Dar es Salaam hadi Waingereza walipomkamata 1916, wakamtupa Saint Helena. Mwisho walimruhusu kurudi pwani yetu, akafia Mombasa 1927. Babu akitamka "Santahelena" kwa mkupuo mmoja, nami utotoni nikidhani ni jina la jela.

Mama alinisikiliza. Dinuzulu, mfalme wa Wazulu aliyefungwa hapa, anamjua, Makaburu maelfu walioletwa mateka anawajua, lakini huyu wa kwangu hakuwahi kumsikia. "Twende ukale," akasema. Naona ilikuwa namna yake ya kutoa pole.

Mjini jua lilikuwa linachoma na miamba haina jani. Gari likapanda kona baada ya kona, na kila dereva tuliyepishana naye alitupungia mkono, maana kisiwa kizima ni kilomita za mraba 122 na watu elfu nne na ushei, wa kutojuana ni nani? Haikufika nusu saa tukawa ndani ya ukungu, majani kila upande, nami natetemeka. Akanipa na sweta la mwanawe. Hapakuwa na simu ya mkononi kisiwani mwaka ule, kwa hiyo hatukuweza kumpigia mwenye vitu kumwomba ruhusa.

Njiani alinionyesha upande lilipo bonde la Rupert's. Kuanzia 1840 Waingereza walikuwa wakikamata meli za watumwa na kuwashusha watu kisiwani, zaidi ya 25,000 kwa miaka. Maelfu walizikwa bondeni humo bila jina. Barabara ya uwanja wa ndege ilipochimbwa, ilifukua mifupa ya watu zaidi ya 300, na siku niliyopita mimi ilikuwa bado imewekwa stoo mjini. Walikuja kuizika tena 2022. "Labda wengine ni wa kwetu," mama alisema, akijishika ngozi ya mkono. Sikupata la kujibu.

Nyumbani kwake sufuria ilikuwa jikoni. Akafunua. Mchele, nyama, viazi, vyote chungu kimoja, na harufu iliyonifanya nisimame.

"Hii tunaiita plo," akasema.

"Plo?"

"Plo."

Nikaicheka, kisha nikanyamaza. Pilau! Imekatwa mkia, imetiwa bizari ya manjano kitendo ambacho kwa mama yangu ungeulizwa nani kakulea, haina uzile wala hiliki, lakini pilau. Meli za Waingereza zikitoka Uhindi zilikuwa zikitia nanga hapa karne nzima na zaidi.

Nilikula sahani mbili. Wajukuu watatu walinizunguka wakinitazama ninavyokula kwa mkono, na bibi yao alipoanza kukwangua chini ya sufuria wakaniacha wote, wakaenda kugombania.

"Ukoko," nikawaambia.

"Ukoko!" wakaitikia, midomo imejaa. Yule mdogo akanimegea kipande.