Shela Lililogeuka Buluu

Wiki iliyopita nilipeleka kuchapishwa picha za harusi tulizopiga ufukweni hapa Mwanza, Jiwe la Bismarck likiwa nyuma ya maharusi, nazo zikarudi na giza, huku shela la bibi harusi likiwa na ubuluu kama nguo iliyozidishiwa buluu ya kufulia. Nilikuwa tayari kumlaumu mchapishaji, kumbe kosa lilikuwa mezani kwangu. Kwa kuwa nahariri kando ya dirisha linaloelekea ziwani, nilikuwa nimepandisha mwanga wa skrini hadi mwisho, hivyo kila picha ilionekana angavu kuliko ilivyo, nami nikaipunguzia mwanga nikisahau kwamba karatasi haina taa nyuma yake. Ubuluu ulitokana na ile hali ya usiku inayotia skrini umanjano. Niliiacha imewashwa, nikawa naongeza buluu kupambana na umanjano usiokuwemo pichani.

Nimeazima kipimarangi, yaani kifaa cha kupima rangi na mwanga wa skrini, nikafunga pazia, nikashusha mwanga hadi kandela 100 kwa mita ya mraba, na kuweka weupe wa Kelvini 6500 (usioelemea umanjano wala ubuluu) na gama, yaani mpangilio wa mwanga kati ya nyeusi na nyeupe, ya 2.2. Mwanzoni skrini ilionekana hafifu mno, lakini macho yalizoea. Nilihariri upya picha moja tu ya majaribio, na shela limetoka jeupe.