Majibu ya Khalati

Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa ya miezi mitatu, msimu wa kusi, siku chache baada ya kurudi kutoka harusini Faza, kisiwani Pate. Hospitali walinisafisha, wakanipa dawa na tarehe ya kurudi. Mume wangu akanipeleka kwa Khalati, dada wa mama yangu, mtaa wa Mkomani hapa mjini Lamu, maana nyumba yetu ya Langoni haikosi wageni na mimi sikutaka kuonekana na mtu.

Watu walikuja kunipa pole. Walisema Mungu atanipa mwingine. Jirani mmoja, mwenye nia njema kabisa, aliuliza kama nilibeba kitu kizito, kisha akasema nilikuwa napenda mno kutembea. Maneno yake niliyaweka pamoja na mengine, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajishtaki kabla hajafika.

Nilikuwa na daftari la hesabu za mahamri ninayouza asubuhi. Kurasa zake za nyuma niliandika kila jambo nililodhani limemtoa mwanangu. Boti ya Faza, siku tulipotoka mlango wa bahari wa Mkanda tukaingia bahari ya wazi kati ya Manda na Pate, mawimbi yakaturusha hadi watu wakashika tasbihi. Ndoo za maji ya kisima siku mfereji ulipokauka. Nanasi. Ugomvi na mume wangu juu ya pesa za kodi. Usiku Khalati akishalala nilikuwa nawasha taa ya simu, nasoma, naongeza. Na chini ya kila jambo nilijiandikia hukumu. *Ungekuwa mama ungetulia. Huna tumbo la kushika mtoto.* Haya niliyaandika kwa mkono wangu, na nikayaamini.

Usiku mmoja Khalati aliamka kutia udhu akaniona. Hakuuliza kwa nini sijalala. Aliketi kitandani, akaliangalia lile daftari. Yeye alisoma chuo cha Kurani. Kiswahili anakisoma kwa herufi za Kiarabu, hizi zetu hakuzizoea.

"Nisomee," akasema.

Nilikataa. Akangoja. Khalati ni mtu wa kushona kofia za mkono, kazi ya matundu madogo madogo ambayo kofia moja yaweza kumchukua miezi, kwa hiyo kungoja hakumsumbui. Mwishowe nikaanza kusoma, kwa sauti ya chini, nikianzia boti.

"Mwanangu wa kwanza nilikwenda naye Kizingitini yumo tumboni," akasema. "Kwa jahazi la tanga. Nilitapika tangu Mkanda mpaka tuliposhuka. Huyo ndiye nduguyo anayepakia abiria gatini. Haya, endelea."

Nikasoma ndoo za maji.

"Nyumba hii ilipotiwa chokaa upya, karai zilipandishwa kwa ngazi hizi hizi. Na mimi nilipandisha, nina miezi minane. Akazaliwa yule mwalimu. Endelea."

Nikasoma nanasi. Akasema nanasi amekula kwenye kila mimba. Nikasoma ugomvi. Akasema yeye na marehemu mumewe, Mungu amrehemu, waligombana mpaka asubuhi ya uchungu wa mwana wa mwisho. Hukumu zangu za chini ya mistari nilitaka kuziruka, lakini aliona macho yangu yamesimama, akasema, "Na hapo pameandikwa nini?" Nikamsomea. Hizo hakuzijibu. Alinishika mkono akaunyamazia muda mrefu.

Kisha akaniambia jambo ambalo hata mama yangu hakuwahi kunieleza. Kati ya yule wa gatini na yule mwalimu kulikuwa na mwingine. Kwa sababu ya hofu, bibi yangu alimkataza Khalati kushuka ngazi. Aliletewa chakula chumbani, akafuliwa, akaogeshwa. "Sikuinua hata kikombe," akasema. "Akatoka mwezi wa tano. Na unajua nilijiambia nini, mwanangu? Nilijiambia nimelala mno. Miaka nilijiambia hivyo."

Hapo ndipo nililia kilio ambacho hospitali hakikutoka. Nililitazama daftari langu nikaona kwamba hata ningefanya kinyume cha kila mstari, ningepata cha kuandika.

Khalati akanikumbusha kisa cha Salman na Abu Dardaa, masahaba wa Mtume, ambacho sote wa darasa za wanawake tumekisikia. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama kwa sala usiku kucha hadi mwili umechoka na mke amesahauliwa. Salman akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahali zako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, akasema Salman kasema kweli. Miaka yote nilikichukulia kuwa kisa cha usingizi na futari. "Nafsi haidhulumiwi kwa njaa peke yake," Khalati akasema. "Ulimi wako pia waidhulumu."

Tarehe ya kurudi hospitali ilipofika nilimuuliza daktari swali nililoliogopa. Akanieleza kwamba katika kila mimba 100 zinazojulikana, kati ya 10 na 20 hivi huharibika, na kwamba karibu nusu ya zinazotoka miezi ya mwanzo huwa na kasoro ya kromosomu, yaani vibeba urithi ndani ya chembe, tangu yai linapotungwa. Safari, ndoo, ugomvi wa nyumbani, havimo. Laiti jambo hili lingesemwa kwa kila mwanamke kabla hajatoka mlango wa wodi, bila kusubiri aulize.

Baadaye nilimsoma mwanasaikolojia wa Marekani, Kristin Neff, aliyeandika mwaka 2003 kuhusu mtu kuihurumia nafsi yake. Anataja mambo matatu: kujitendea kwa upole, kutambua kwamba taabu ni ya wanadamu wote, na kuyaona maumivu yalivyo bila kuyafukia wala kuyakuza. Mimi lililoniokoa ni hilo la pili. Upole nisingeukubali usiku ule kama Khalati hangenionyesha kwanza kwamba na yeye alikuwapo pale nilipokuwa.

Nilirudi Langoni Ijumaa. Mume wangu alikuwa amefagia, amepika wali, na hakujua akae wapi. Nikamwambia yote niliyokuwa nikijiandikia. Akanyamaza. Kisha akasema kwamba tangu siku ile yeye halali, kwa sababu ndiye aliyenikatia nafasi kwenye ile boti, na aliona upepo tangu asubuhi wala hakunizuia.

Nikamketisha. Nikaanza na jahazi la Kizingitini.