Kikombe cha Dar, mizani ya Lubumbashi

Huu ni mwaka wangu wa nne Lubumbashi, huku Kongo, na bado ugeni hunibana zaidi nikiwa jikoni. Ugali ni bukari, kisamvu ni sombe. Hayo niliyazoea upesi. Vipimo ndivyo vilivyonisumbua.

Juzi jirani yangu aliniomba nimwokee biskuti za oti, ambazo hapa wanaziita avoine kama Wafaransa, kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya binti yake. Nikamwomba mdogo wangu aliyeko Dar anitumie vipimo vyake. Akanitumia: oti vikombe 2, unga wa ngano kikombe 1, sukari nusu kikombe, siagi gramu 115, yai 1. Nikafuata neno kwa neno. Zikatoka kavu, ukiishika tu inamomonyoka. Niliumia sana, maana ile siagi niliinunua kwa kujinyima, na mtoto wa watu alikuwa anasubiri.

Usiku ule nikaweka kikombe changu cha chai juu ya mizani ya jikoni, nikairudisha kwenye sifuri, nikajaza maji. Gramu 330. Gramu moja ya maji ni mililita moja, basi kikombe changu ni mililita 330. Cha mdogo wangu ni kile cha kupimia cha Kimarekani, mililita 237 hivi. Kama kila kitu kingepimwa kwa kikombe, nisingeharibu kitu, ningepata tu biskuti nyingi zaidi. Lakini siagi ilibaki gramu 115 na yai likabaki moja, huku oti peke yake zikizidi kwa karibu gramu 70. Mafuta yangetoka wapi ya kuzishika?

Nilidhani jibu ni kugawanya mililita tu. Aliyenifungua macho ni mama mmoja muuza unga katika soko la Kenya (Kenya ya hapa ni komini, yaani mtaa mkubwa wa mji huu). Nilimwomba kilo mbili. Akaniambia, "Yaya, huku tunauzishaka na meka." Yaya kwao ni dada, na meka ni bakuli la kupimia. Mteja aliyekuwa mbele yangu alilishika bakuli lililojaa, akaligonga mezani mara tatu. Unga ukashuka karibu upana wa kidole. Muuzaji akajaza tena bila kunung'unika. Nilisimama pale nikaliangalia lile bakuli: chombo ni kilekile, uzito si uleule.

Nikarudi nyumbani nikafanya hivyohivyo na oti, safari hii kwa kikombe cha kupimia cha mililita 250. Nilipozimwaga taratibu na kusawazisha kwa kisu, gramu 90. Nilipogonga kikombe na kujazia, gramu 104. Oti zile zilizobanwa zikawa bapa hulaliana vibaya, katikati pamejaa hewa. Ndiyo maana kikombe cha Kimarekani huchukua gramu 80 hadi 100 tu, wakati maji yangekuwa 237. Zile za kukatwa vipandevipande hushikana kama mchele, kikombe hichohicho kikafika gramu 160 na zaidi. Kwa hiyo anayekuambia "kikombe cha oti" bila kusema ni oti gani, bado hajakuambia kitu. Unga wa ngano wenyewe ni kama gramu 120, sukari 200.

Nikampigia mdogo wangu, nikamwomba apime kikombe chake jinsi anavyokijaza yeye, si jinsi kitabu kinavyosema. Akanijibu kwa sauti: "Dada, gramu 88." Nimeandika 88 kwa kalamu ya wino mzito kwenye kifuniko cha kopo la oti. Nikaoka upya kwa gramu 176, na unga na sukari navyo nikavipima kwa mizani. Zikashikana vizuri, pembeni zikawa rangi ya asali.

Jirani alipokuja kuzichukua alikuta mizani bado iko mezani. Akarudi kwake, akaja na meka yake mwenyewe aliyoifunika kwa kitenge. "Yaya, unipimie na hii yangu."