Maji Bagamoyo hujaa saa ngapi?

Swali hilo niliulizwa Hamburg, na bibi wa miaka 78, nikiwa nimepiga magoti mbele yake namvalisha zile soksi ndefu za kubana miguu. Mimi nimezaliwa Bagamoyo. Kutoka kwetu hadi mchangani ni mwendo wa kumaliza andazi moja. Nilijua kuogelea kabla sijajua kusoma. Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta mdomoni hamna kitu.

"Inategemea," nikasema.

"Hilo najua. Inategemea nini?"

Nikainamia soksi. Waliofanya kazi hii wanajua kwamba soksi ya kubana ni mahali pazuri pa kufichia uso.

Niko kwenye nyumba ya kutunzia wazee mwaka wa 9 sasa. Bibi huyo yuko chumba namba 7, na pale ukutani ambapo wenzake wametundika picha za wajukuu, yeye ametundika kalenda ya maji: kila siku, nyakati 2 za kujaa na nyakati 2 za kupwa. Hamburg iko mbali na bahari, kilomita 100 na zaidi, lakini kujaa na kupwa hufuata mto Elbe hadi katikati ya mji, maji yakapanda na kushuka mita 3 na ushei, kama kwetu. Baba yake alikuwa mtu wa matishari pale bandarini, na mtu wa tishari akikosea saa ya maji siku yake imekwenda bure. Halafu ukaja usiku wa kuamkia tarehe 17 Februari 1962. Dhoruba iliisukuma bahari ikapanda mto, kingo zikapasuka, na kule Wilhelmsburg walikokuwa wakiishi maji yakawaingilia watu wamelala. Katika Hamburg walikufa watu 315. Yeye alikuwa binti wa miaka 14, kulipokucha wakamkuta juu ya paa. Tangu hapo, ananiambia, hajalala hata usiku mmoja bila kujua maji yako wapi. Miguu haimbebi tena, dirisha lake linatazama maegesho ya magari, na bado kila asubuhi kabla ya chai anavaa miwani anasoma kalenda yake.

Kumjibu mtu kama huyo "inategemea" ni kumkosea adabu.

Jioni ile nikamtumia mjomba ujumbe wa sauti. Mjomba amevua tangu ujana wake, kwa dema na kwa mshipi, mpaka mgongo ulipomwambia basi. Akanijibu kwa sauti ya dakika 6, na dakika nzima ya kwanza ni kicheko. "Mjomba, wewe mtoto wa Bagamoyo ndiye wa kuniuliza mimi maji? Huko unalishwa nini?" (Kwetu mjomba na mpwa wake huitana mjomba wote wawili, kwa asiyejua.) Kisha akatulia akanieleza. Mwezi ukiandama, na tena ukifika 15, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na hujaa kwenye saa 10, alfajiri na alasiri. Kila siku inayofuata yanachelewa kidogo, robo tatu ya saa au zaidi, na wiki ikipita unakuta yanajaa saa 4. Hayo sasa ndiyo maji mafu, hayajai yakajaa wala hayapwi yakapwa.

"Ukiwa na tarehe ya mwezi, saa unayo," akamalizia. "Babu yako hakuvaa saa maisha yake yote."

Bamvua. Maji mafu. Maneno hayo yamepita juu ya kichwa changu utoto mzima, barazani, mimi nikiwa chini nacheza na visoda. Nilidhani ni ya wazee ya kuvutia muda. Kesho yake nikampelekea bibi habari zote kwa Kijerumani changu cha kuungaunga, naye akapiga kofi mkono wa kiti: kwao pia maji makubwa yana jina lake, na madogo yana lake, na kumbe mwezi ni huohuo mmoja. Tulizungumza mpaka nikachelewa chumba namba 8, na msimamizi wa zamu akanipa yangu.

Mimi ni mtu wa kuandika. Hadithi fupi, kwa Kiswahili, usiku baada ya kazi, na nyingi zinaishia kwenye droo. Watu wa nyumbani huniambia una bahati, umetembea, umeona, una vya kuandika. Tembea uone, ndivyo tulivyolelewa. Na kweli mwaka wa kwanza niliona kwa pupa: theluji, treni za chini ya ardhi, mbwa aliyevalishwa koti. Nikaandika hadithi 4, zote zina theluji. Dada yangu akazisoma, akaniandikia mstari mmoja: "Kaka, huyu mtu wako hana njaa, hana deni, hana mke wa kumsumbua, kazi yake kushangaa tu." Nilinuna wiki 2. Lakini alisema kweli. Nilikuwa natuma picha nyumbani na kuziita hadithi.

Wala kukaa nje peke yake hakumfungui mtu. Nina jamaa yangu yuko Hamburg mwaka wa 20, na mchana kutwa yuko Kariakoo kwa njia ya simu. Bei ya mchele wa Mbeya ya wiki hii anaijua. Jina la jirani wa mlango wa pili halijui. Simcheki, baridi na upweke vina namna yake ya kumrudisha mtu kwao. Wako na wa upande wa pili, wale ambao wakija likizo wanapangusa kiti kwa leso kabla ya kukalia. Hao wote paspoti zao zimejaa mihuri.

Kilichonifungua mimi ni kuulizwa. Nyumbani nani atakuuliza maji yanajaa saa ngapi? Mwenye haja anajua, asiye na haja atayaona yakija. Ughaibuni unaulizwa kila kitu, na aulizaye haridhiki na "ndivyo tulivyo". Mbona mnasalimiana mpaka chai inapoa? Shikamoo maana yake nini hasa? Na lile ambalo lilinichukua miezi kulijibu: kwa nini saa 7 ya huku, nyinyi mnaiita saa 1? Nilikuwa nasema ni mazoea tu. Kisha nikapitisha Desemba moja na Juni moja kule. Desemba jua linachomoza saa 2 na nusu asubuhi, tena kwa kusuasua; Juni, saa 11 alfajiri haijafika, tayari limekukodolea macho dirishani. Hapo ndipo nilipoielewa saa yetu. Imetengenezwa na watu ambao jua lao halina utani, linatoka karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo unaweza kuanzia kuhesabu hapo na usipotee. Saa ya Kiswahili isingeweza kuzaliwa Hamburg. Nimeivaa mkononi tangu nina miaka 10, na nilihitaji baridi ya Ulaya ili niione.

Yuko mtu wa Bagamoyo aliyepita njia hii zamani, Mwalimu Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alikuwa akisomesha Kurani kwetu Bagamoyo. Mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za mashariki, na kati ya wanafunzi wake walikuwamo wale waliojiandaa kuja kututawala, hilo halifichiki. Lakini maswali aliyotakiwa kuyajibu nayafahamu kama niliyaulizwa mimi: mtoto akizaliwa hufanywa nini, harusi huanzia wapi, pepo hupungwaje, msafara wa kwenda bara hufungashwaje. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichapwa Göttingen mwaka 1903. Jina la jaladani ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekikusanya, ila kalamu kubwa ndani yake ni ya Mtoro. Ukikisoma unamsikia mtu asiyeruka hatua. Aliyebaki Bagamoyo angeandika "kisha wakaoza" akaenda zake kula pilau. Mtoro anakueleza nani alitumwa, akabisha hodi vipi, akajibiwa nini. Kwa masikio yangu hiyo ni sauti ya mtu aliyezungukwa na watu wasiojua.

Mwaka 1904 akaoa Mjerumani. Mwaka uliofuata walipanda meli kuja huku, na serikali ya kikoloni ikamkataza yule mke kushuka pwani yetu, wakageuza. Alifariki Berlin mwaka 1927. Siku moja ya mapumziko nilipanda treni hadi huko, si mbali na Hamburg, nikatembea mitaani bila kutafuta kitu maalumu. Nilikuwa nahesabu tu: 1905 hadi 1927, miaka 22.

Naandika haya nikiwa Bagamoyo, siku ya 11 ya likizo. Ni Julai, kusi linavuma, na ufukweni karibu na soko la samaki mafundi wanapiga kalafati, nyundo zao zikipokezana, pamba inazama kwenye viungo vya mbao. Vijana wa mnadani wameshanibatiza jina, Bwana Euro, na kila nikipita bei ya samaki changu inapanda. Sitaeleza maana ya jina la mji huu, kila mgeni anahadithiwa siku ya kwanza.

Nimekuja na hadithi moja, ya nahodha kijana anayeoa, na siku ya pili anasafiri kwenda Unguja. Niliiandika Hamburg miezi 5. Niliona ni nzuri. Juzi baada ya sala ya alasiri nikamsomea mjomba barazani, kahawa na kashata katikati yetu. Alifumba macho, nikadhani amelala. Nikafika pale harusi imekwisha, mbalamwezi ya 15 imewaka usiku kucha, na asubuhi yake, saa 3, jahazi likatweka tanga.

"Simama hapo," mjomba akasema, macho bado ameyafumba. "Mwezi wa ngapi?"

"15, mjomba."

"Na hilo jahazi linatokea wapi?"

"Hapahapa kwetu."

"Saa 3 asubuhi?"

"Saa 3."

"Sasa mnalisukuma, au mmelibeba kichwani?"

Ndipo nikaona. Ufuko wetu ni wa kina kifupi, maji yakipwa yanakwenda zao mbali na vyombo vinabaki vimelalia ubavu mchangani. Ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya Wajerumani wauhamishe mji wao mkuu kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Mwezi 15 ni bamvua, maji yamejaa saa 10 alfajiri; kufika saa 3 ukitaka kuyaona utembee. Somo zima la dakika 6 nilikuwa nimelihifadhi kwenye simu, nimelitafsiri kwa Kijerumani, nimepigiwa kofi la furaha na bibi wa chumba namba 7, na halikuingia kwenye hadithi yangu.

Mjomba akafumbua macho, akajimiminia kahawa.

"Huyo bwana harusi," akasema, "itabidi atoke saa 9 ya usiku, aende kupakia. Ndiyo kwanza wageni wameondoka. Bibi harusi hata udi haujazima chumbani." Akanywa. "Andika hapo."

Nimeandika hapo, kurasa 6 kwa usiku mmoja. Hizo za mwanzo nimezitupa.

Imebaki ahadi moja. Nilipokuwa naaga, nilimuuliza bibi nimletee nini kutoka kwetu, nikitegemea atasema kahawa au kitambaa. Akataka nimwandikie saa ya maji kujaa, ya kweli, niliyoiona kwa macho yangu na wala si ya kwenye simu. Basi jana, mwezi 16, nikasimama mchangani na fungu la vijiti. Mjomba ndiye aliyenifundisha: wimbi likifika, chomeka kijiti lilipoishia, likikipita, chomeka kingine juu yake, mawimbi yakija mengi na kijiti cha mwisho hakiguswi, basi, yamegeuka. Watoto walikusanyika, mmoja akauliza kama natafuta rupia za Wajerumani. Kijiti cha mwisho kilikaa kikavu saa 10 na dakika 40 alasiri.

Nilinunua kadi yenye picha ya ngalawa, nikaandika jina la mji, tarehe, na saa kwa namna yao, 16:40. Mjomba akaichukua akaisogeza mbali na macho.

"Kumi na sita na arobaini ndiyo saa gani hiyo?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba huko kwingine watu hula wali kwa uma.

"Mwandikie na kusi lilikuwa linavuma," akasema, akinirudishia kadi. "Asije akadhani ni mwezi peke yake."

Nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo, maana nafasi ilikuwa imekwisha.