Java: kwa nini equals uliyoandika haiitwi

Klasi ya Mteja ina methodi `public boolean equals(Mteja m)` inayolinganisha namba za simu. Ukiita `a.equals(b)` mwenyewe, jibu ni sahihi. Weka `a` kwenye ArrayList (orodha ya Java), kisha uliza `contains(b)`: unapata `false`, na namba ni ileile.

Sababu ni kwamba `equals` ya Object, klasi mama ya klasi zote za Java, inapokea Object, si Mteja. Hukuibatilisha (override, yaani kuandika toleo lako mahali pa lililorithiwa), umeongeza ya pili yenye jina lilelile. Kompaila huchagua saini ya methodi (jina na aina za vigezo vyake) kwa kuangalia aina zilizotangazwa. Programu inapokimbia, JVM, mashine pepe inayoendesha programu za Java, huamua tu toleo la klasi ipi litekeleze saini hiyo. Ndani ya ArrayList kinachojulikana ni Object, basi inaitwa ile iliyorithiwa, inayolinganisha kwa `==`, yaani kama ni kitu kilekile kimoja.

Andika `equals(Object o)`, na juu yake `@Override`, iliyokuja na Java 5 mwaka 2004. Ukikosea kigezo, kompaila inakataa papo hapo. Kuiacha `@Override` ni uzembe tu. Batilisha na `hashCode` pia, methodi inayotoa namba ambayo HashSet (seti ya Java) hutumia kugawa vitu kwenye mafungu, la sivyo itamtafuta mteja kwenye fungu lisilo lake. Methodi za `static`, yaani za klasi yenyewe na si za kitu kimoja, hazibatilishwi kamwe: hufichwa, na inayoitwa hutegemea aina uliyotangaza.