Jicho la mama limepona

Leo mchana daktari wa macho ametuthibitishia kwamba kidonda kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele, ya jicho la kulia la mama kimefunga. Alhamdulillah.

Kilianza wakati wa mavuno, bua la mahindi lilipomchoma na maambukizi ya fangasi yakafuata, jambo linalowapata sana wakulima. Matone ya natamaisini, dawa ya kuua fangasi, hutiwa kila saa mwanzoni, usiku na mchana, kisha hupunguzwa polepole kwa wiki kadhaa. Dada yangu ndiye aliyekesha naye, Mungu ambariki.

Daktari alimtia rangi ya machungwa jichoni, akazima taa, akamulika mwanga wa buluu, ambao hufanya kidonda kilichoshika rangi hiyo king'ae.

Awali kidonda kilikuwa kiking'aa kijani, nami nikisimama pembeni nikiogopa hata kupumua. Leo kidoa kile hakikuonekana kabisa.

Limebaki kovu dogo jeupe, na mama bado anaona ukungu, ingawa alitaja rangi za kanga yangu bila kukosea. Daktari amesisitiza kwamba matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yasitumike bila yeye kuagiza, kwa kuwa huwapa fangasi nguvu.

Ndugu zangu mliowahi kuuguza kidonda cha namna hii, ukungu huo ulichukua muda gani kupungua? Naomba mnijuze.