Kuandika maisha ya mwandishi ukiwa Lubumbashi

Asistanti wa fasihi anayetaka kuandika maisha ya mwandishi wa kwetu aanze na majina. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipopiga marufuku majina ya Kikristo, waandishi wetu wawili wa Kongo walibadilisha majina: Georges Ngal akawa Mbwil a Mpaang Ngal, na Valentin-Yves Mudimbe akawa Vumbi Yoka Mudimbe, herufi V.Y. zikabaki palepale. Ukipekua katalogi kwa jina moja, vitabu vingine hutavipata. Miji ni hivyohivyo: Mudimbe alizaliwa Jadotville, ambayo ndiyo Likasi, mwaka 1941, Katanga nayo iliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Kwenye fishi (kadi ya maelezo) tanguliza jina la wakati ule, la leo liweke pembeni.

Kisha panga miaka kwa safu mbili, maisha huku na machapisho kule. Safu hizo zisichanganywe, maana hapo ndipo tezi nyingi (tasnifu za udaktari) huharibika. Shujaa wa *Entre les eaux* (1973) ni padri anayejiunga na waasi. Mudimbe ujanani aliishi na watawa Wabenedikti nchini Rwanda, basi mwanafunzi anaamua kwamba riwaya ni ungamo. Sivyo. Monasteri ithibitishwe kwa barua na rejista; riwaya haiwezi kuwa shahidi wake.

Kwa Ngal kosa huja kwa upande mwingine. Mwaka 1975 alitoa kitabu cha uhakiki kuhusu Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, na mwaka huohuo riwaya yake *Giambatista Viko*. Anayesoma uhakiki peke yake anakosa kuona msomi yuleyule akijadili, kwa njia ya hadithi, Mwafrika anavyopaswa kuandika. Visomwe pamoja, hata kama msimamizi anataka mada nyembamba (na atataka).

Barua zina mtego wake. Karatasi ni mali ya aliyeipokea, lakini haki ya kuchapisha maneno ni ya aliyeandika au warithi wake. Omba ruhusa mbili, kwa maandishi, kabla ya kuandika sura. Familia ikigawanyika baadaye, sura nzima inaanguka.

Kwenye mahojiano acha kuuliza "ulijisikiaje". Uliza nani alipiga mswada taipu, nani aliusoma kwanza, ulirudishwa mara ngapi. Mzee akijibu kwa Kiswahili, nukuu Kiswahili chake kwenye kiambatisho, hata kama tezi ni ya Kifaransa.

Na kwa kuwa CT (chef de travaux, cheo kinachofuata asistanti) hapandi cheo bila makala, kata uchambuzi wa riwaya mojamoja uupeleke kwenye majarida. Sura za maisha zibakize kwa kitabu: zikikatwa, hazisimami peke yake.